Nusu Sekunde na Miaka Miwili ya Wema

Jamaa aliyejiita Jia Tan alifanya kazi nzuri kwa zaidi ya miaka miwili. Nasisitiza: nzuri. Alirekebisha makosa, akajibu watu kwa adabu, akampunguzia mzigo Lasse Collin, Mfini aliyekuwa akiitunza bila malipo XZ Utils, programu ya kubana mafaili.

Kisha Februari 2024, ndani ya toleo la 5.6.0, akaficha mlango wa siri. Programu ya kubana mafaili tu, utasema, ina madhara gani? Basi jua kwamba katika baadhi ya mifumo ya Linux, SSH, yaani njia ambayo mafundi huingilia kwenye seva wakiwa mbali, ilikuwa ikivuta kipande cha XZ kimyakimya. Mwenye ufunguo wa mlango ule angeweza kuiamrisha mashine ya mtu mwingine apendavyo. Aliyegundua ni Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, kwa sababu kuingia kwenye mashine yake kulichelewa kama nusu sekunde. Alitangaza tarehe 29 Machi, kabla toleo hilo halijafika kwenye seva nyingi.

Mimi si fundi. Kinachonisumbua ni hiki: yale marekebisho ya miaka miwili, yalikuwa wema? Watu walinufaika. Rafiki yangu anasema wema ni tendo, nia muachie Mungu. Nilikaribia kukubali, mpaka nikamfikiria aliyesaidiwa. Collin alihitaji marekebisho, lakini alihitaji na mwenzake. Marekebisho alipewa. Mwenzake hakuwepo.

Mwaka 2022 Collin alikuwa ameandika hadharani kwamba afya ya akili inamsumbua, na kwamba kazi yenyewe ni ya kujitolea tu. Watu wasiojulikana wakambana, eti anachelewesha mambo, awaachie wengine. Wengi wanaamini walikuwa kundi moja na Jia Tan.

Nilisoma jumbe zile nikajiona. Niliwahi kumwandikia kijana aliyetengeneza programu ya bure ninayorekodia mahojiano: "Kama imekushinda, sema tujue." Sikuwa jasusi. Nilikuwa tu nimechelewa kukabidhi makala. Wale walaghai walitaka kuigiza mtu wa kawaida, asiyeshukiwa na yeyote, wakaigiza mimi.

Yule kijana alinijibu usiku uleule, akaomba radhi. Sikumjibu.