Vikombe Viwili vya Maharage

Ndugu msomaji, naanza na uongo wangu mwenyewe, halafu tufikiri pamoja.

Mwaka 2023 nilikuwa mkalimani wa kijana mmoja mmisionari kutoka Ulaya. Alipanga chumba hapa Awindiri, nyuma ya nyumba ninayokaa mimi, tukawa tunachota maji kwenye bomba moja. Kabla ya kuja alijiandaa kwa mengi: malaria, joto, umeme kukatika, watoto kumwita "mundu" kila anapopita. Hayo hayakumshinda. Kilichomshangaza ni kwamba alikuja kuhubiri, akakuta majirani wameamka alfajiri kusali, wengine msikitini, wengine kanisani, yeye bado yuko kitandani. Africa Inland Mission ilifika Mvara, hapa hapa Arua, mwaka 1918. Kuna wazee hapa ambao babu zao walibatizwa. Siku moja akaniuliza, "Sasa mimi nimetumwa kufanya nini?" Nilicheka tu. Lakini swali lake lilikuwa zuri kuliko kicheko changu.

Tulikuwa tunakwenda Lobule, kule Koboko, kutembelea wakimbizi wenzangu Wakongo. Mwaka ule ndio Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipowagawa wakimbizi wa Uganda makundi matatu kulingana na uhitaji, na posho ya wengi ikapungua. Tukaingia kwa mama mmoja mzee anayelea wajukuu wanne. Kiswahili chake kimechanganyika na Kibangala, lakini tulielewana vizuri. Tukaongea, tukasali. Tulipoinuka kuondoka, akaingia ndani, akatoka na kaveera. Ndani yake vikombe viwili vya maharage. Akamnyoshea mgeni kwa mikono miwili.

Mgeni akaniangalia. Sheria ya kazi yake ilikuwa wazi: usipokee kitu chochote kutoka kwa mkimbizi. Zaidi ya sheria, yeye mwenyewe moyo ulimuuma. Alijua maharage yale yamehesabiwa. Akaniambia kwa Kiingereza, taratibu, nimweleze mama kwamba anashukuru sana lakini hawezi kuchukua chakula cha watoto.

Mimi nikaona haya kusema hivyo. Nikatafsiri: "Mama, anashukuru sana, ila leo amefunga."

Mama akainamisha kichwa, akarudisha kaveera ndani. Nilijiona nimeokoa kila mtu. Tatizo ni kwamba njaa ilikuwa inatuuma, na tulipofika kwenye maduka mgeni wangu akanunua chapati ya mayai, ile tunayoita rolex, akaila amesimama barabarani. Mjukuu wa yule mama alikuwa pale pale, ametumwa sabuni.

Tuliporudi wiki iliyofuata, mama alitukaribisha vizuri, akatupa viti. Halafu akaniuliza mimi, si mgeni: "Mtoto yangu, ule mzungu yako anafungaka chakula, ao anafungaka kwangu tu?"

Sikuwa na jibu. Swali hilo limenifuata mpaka leo, na ndilo ninaloleta mbele yenu, ninyi mnaokaa kambini na ninyi mnaokuja kutuhudumia. Mtu aliyetumwa kutoa, je, ni haki akatae kupokea?

Nianze kwa kuitetea sheria, maana haikutungwa na wajinga. Sisi wakimbizi tunajua vizuri zawadi inayonunua. Kuku anapelekwa kwa mtu wa orodha jioni, asubuhi jina limepanda. Asiye na kuku anabaki chini. Ndiyo maana nasema wazi: anayeandika majina asipokee, hata yai moja. Akipokea la huyu na kumwacha yule, ameshauza kitu kisicho chake. Na kuna jambo lingine: mtu mwenye mshahara akila chakula cha mtoto mwenye njaa, hata akipewa kwa furaha, tumbo la mtoto halijazwi na furaha ya bibi yake.

Hoja hizo ni nzito. Lakini yule mama hakuwa akiomba kitu. Hatukuwa na orodha mikononi. Tulikuja kama wageni, tukakaa kwenye viti vyake, tukasali chini ya paa lake. Kwa desturi yake, mgeni hatoki mikono mitupu. Tulipokataa, yeye hakusikia neno "sheria" wala neno "huruma". Alisikia kwamba kwake hakuna kitu kinachofaa kuchukuliwa. Vita vilimnyang'anya shamba na nyumba. Sisi tulimwondolea kile kidogo kilichobaki, yaani kuwa mwenyeji.

Waswahili wana methali mbili juu ya mgeni. Moja inasema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Nyingine inasema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Zamani niliona ya pili kuwa ya watu wachoyo wanaotaka mgeni aondoke. Nilibadilika kwa sababu ya mama mwenye nyumba yangu hapa Awindiri.

Yeye ni mwenyeji wa West Nile kabisa, lakini anaongea Kiswahili kama sisi wa Ituri. Nilimuuliza alikipata wapi. Akasema, Kongo. Baada ya Amin kuanguka mwaka 1979, watu wengi wa huku walikimbia Zaire na Sudan, wakakaa huko miaka. Yeye alivuka akiwa binti, akafikia upande wa Aru. "Siku ya kwanza walitupa mihogo," akaniambia. "Wakatupa tena kesho yake. Halafu wakatupa jembe na kipande cha shamba. Siku ile ya jembe ndiyo nilijua nimefika." Kwa hiyo jembe halikuwa la kumfukuza. Lilimwambia kwamba mikono yake ina kazi hapa, wala haipo kwa kupokea tu.

Jembe linanikumbusha mmisionari mmoja ambaye sisi wa Ituri tunamjua vizuri, Apolo Kivebulaya. Tumezoea kufikiri mmisionari ni lazima awe mzungu. Apolo alikuwa Mganda. Mwishoni mwa mwaka 1896 alitumwa Mboga, ambako leo ni Kongo, kwetu. Alivuka kutoka Uganda kwenda Kongo, njia ile ile wengi wetu tuliyoikimbia kwa kurudi. Wainjilisti wawili waliomtangulia walishindwa kwa sababu ya chakula, maana mkuu wa pale, Tabaro, hakutaka walishwe. Apolo alikwenda na jembe lake. Hakusubiri kuhudumiwa kama bwana mkubwa. Aliteswa, alipigwa, lakini alirudi, na mwishowe Tabaro mwenyewe akabatizwa. Apolo alipofariki mwaka 1933 alizikwa Mboga, kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu ambako kazi ilikuwa bado, kinyume na desturi ya kwao. Mpaka kaburini alikubali kuwa mtu wa nchi aliyotumwa.

Kuna mwingine wa hapa karibu. Hospitali ya Kuluva, nje kidogo ya Arua, ilianzishwa mwaka 1941 na Dk. Ted Williams, mmisionari Mwingereza. Tukisema alitoa, tunasema kweli. Lakini pia alipokea. Aliandika kwa uangalifu habari za wagonjwa wake: nani, kutoka wapi, anaumwa nini. Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Mulago, alikuwa anachunguza uvimbe unaoota kwenye taya za watoto. Mwaka 1961 yeye, Williams na daktari mwenzao Cliff Nelson walisafiri kwa gari kama kilomita 16,000, hospitali hadi hospitali, wakiuliza kama ugonjwa huo upo. Baadaye rekodi za Kuluva ziliwasaidia watafiti kuona jinsi ugonjwa huo unavyojitokeza mahali fulani na wakati fulani. Leo dunia nzima inauita limfoma ya Burkitt. Ni jina la daktari, sawa. Lakini maarifa yale yalitoka pia kwa akina mama wa West Nile waliobeba watoto wao mpaka Kuluva na kujibu maswali. Waliofika kuomba dawa waliifundisha dunia. Asingekuwepo mtu wa kukaa, kusikiliza na kuandika, zawadi yao ingepotea, na tungeamini mpaka leo kwamba walikuja mikono mitupu.

Hapo ndipo ninaposimama. Anayetoa bila kupokea kamwe anafundisha, hata bila kufungua mdomo, kwamba upande mmoja una vitu na upande mwingine una shida tu. Wale sabini katika Luka sura ya 10 hawakutumwa hivyo. Walitumwa bila mfuko, wakaambiwa wale wanachowekewa mezani. Kwa hiyo mtume aliingia mlangoni akiwa na uhitaji, na mwenye nyumba akiwa na kitu.

Mtu ataniuliza: basi tutazijuaje zawadi mbaya? Mimi hutazama mambo mawili. Je, mpokeaji ana uwezo wa kumpandisha au kumshusha huyu mtoaji? Kama anao, akatae, na aeleze sababu ya kweli, asitafute uongo kama mimi. Na je, kitu hicho kinaweza kuliwa hadharani, majirani wakiangalia? Kinacholazimika kufichwa kwenye mfuko, kiogope. Na hata anayebanwa na sheria hajafungiwa milango yote. Anaweza kuomba maji ya kunywa. Anaweza kuuliza njia, kuuliza neno, kufundishwa salamu. Hivyo vyote ni kupokea, na hakuna sheria niliyoisikia inayovikataza.

Nilimweleza kijana wangu kila kitu: nilivyotafsiri, na swali la mama. Alikasirika nami, na alikuwa na haki. Akaenda kumuuliza mkubwa wake. Jibu likaja: kula hapo hapo, mbele ya watu, usibebe kitu.

Tukarudi Lobule. Kabla ya kukaa nikamwambia yule mama, "Mama, nilikudanganya. Hakuwa amefunga. Aliogopa kula chakula cha watoto, na mimi niliogopa kukuambia." Akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Maharage ile tulishakula. Leo iko mihogo na sombe."

Lakini chakula kilikuwa bado. Akaingia ndani, safari hii akatoka na jembe, akampa mgeni, akamwonyesha kishamba chake cha karanga nyuma ya nyumba. Kijana akalima kama anayeua nyoka. Akakata karanga pamoja na majani. Wajukuu wakaanguka kwa kucheka, majirani wakaja kuangalia. Mama akamnyang'anya jembe, akamwonyesha namna ya kulishika chini, karibu na udongo, akamrudishia. Akajaribu tena, jasho linamtoka, mama anamsimamia kama mwalimu: "Polepole. Sasa ndiyo. Polepole."

Saa saba mchana tukanawa mikono na kuketi. Siku hiyo hakuna aliyefunga.