Picha Ni ya Nani?

Mbwa mwenye nyonga mbovu haji kukulalamikia. Akiwa na miezi sita hukimbia akirusha miguu ya nyuma yote miwili kwa pamoja, mfano wa sungura, na watu wakacheka. Akisita mbele ya ngazi huitwa mvivu. Wengine hata hayo hawayaoneshi: kichwa cha mfupa wa paja kinachezacheza ndani ya tundu lake, gegedu inalika taratibu, na mwenyewe bado anafukuza mpira. Ndiyo displasia ya nyonga, inayowaandama hasa mbwa wakubwa kama German Shepherd na Labrador. Maumivu yanaweza kuja miaka baadaye, na pengine kufikia hapo keshazaa mara mbili.

Kwa hiyo watu wakaamua kutazama ndani. Mwaka 1966, nchini Marekani, tajiri na mwindaji John M. Olin aliongoza kuanzishwa kwa Orthopedic Foundation for Animals, taasisi ambayo hadi leo husoma eksirei za nyonga. Mbwa akishatimiza miezi 24 hulazwa chali, miguu ya nyuma ikanyooshwa, akapigwa picha. Wataalamu watatu huisoma kila mmoja kivyake, kisha mbwa hupewa daraja moja kati ya saba.

Kinachonisumbua kimo kwenye fomu. Matokeo mazuri huwekwa hadharani. Mabaya hayawekwi mpaka mwenye mbwa atie saini kukubali. Basi ukilikosa jina la mbwa kwenye orodha, huwezi kujua kama hakupimwa au alifeli.

Mfugaji atasema: mbwa ni wangu, pesa ya eksirei nimetoa mimi, siri ni yangu. Mawili ya kwanza nayakubali. Lakini picha hii haikupigwa kwa ajili ya mbwa aliyelala mezani. Yeye hachechemei, na daraja halitambadilishia nyonga. Ilipigwa ili kuamua kama azae. Wanaohusika nayo zaidi hawajazaliwa bado, na baada yao ni yule atakayemnunua mtoto na kumpenda kabla hajaanza kuchechemea.

Ipo hoja nzito zaidi: ukilazimisha kutangaza, watu wataacha kupima. Ningeihofu zaidi kama Uswidi isingekuwepo. Huko chama cha mbwa huweka wazi matokeo yote, mazuri kwa mabaya, na kwa aina nyingi watoto hawaandikishwi kama hali ya nyonga za wazazi haijulikani. Kupima kunaendelea.

Kweli, ugonjwa huu hurithiwa kupitia jeni nyingi, na ulishaji nao una mchango. Wazazi wenye nyonga safi huweza kuzaa mtoto mgonjwa. Wauzaji wanaipenda sana sentensi hiyo. Ila anayeitamka huku kaficha picha hazungumzii jeni.

Ukienda kununua, omba karatasi za mama na baba. Ukijibiwa kwamba mama hajawahi kuchechemea hata siku moja, mtazame anavyokimbia uani, kisha uombe karatasi tena.