Kosa Halikuwa Masikioni

Ndugu msomaji, kuna swali nimelibeba kwa muda mrefu. Mtu akiharibu jambo, kisha akalitengeneza kimya kimya kabla hajajulikana, je, amemaliza deni lake? Wengi wetu tungependa jibu liwe ndiyo. Mimi mwenyewe niliishi kwa jibu hilo mpaka siku gitaa la kwaya yetu liliponionyesha vingine.

Usharika wetu uko Dumila, si mbali na njia panda ambapo barabara ya Kilosa inaachana na ile ya Morogoro kwenda Dodoma. Anayepita hapa kwa basi hutukumbuka kwa nyanya na vitunguu vinavyouzwa kando ya barabara. Sisi wenyeji tulikuwa na kitu kingine cha kujivunia: gitaa la zamani la nyuzi kumi na mbili. Mgeni mmoja aliyetumika nasi alimwachia mzee wetu alipokuwa akirudi kwao, miaka ya 1970. Mzee huyo alikuwa kijana wakati Mbaraka Mwinshehe akiipigia Morogoro Jazz, kabla hajaanzisha Super Volcano mwaka 1973. Vijana wengi wa mkoa wetu wakati ule walitamani gitaa. Yeye alilipata, akalileta kanisani, akalipiga kwa zaidi ya miaka arobaini.

Kwa asiyelijua, gitaa la namna hii lina nyuzi zilizopangwa mbili mbili, jozi sita. Katika jozi mbili za sauti za juu, nyuzi zote mbili hutoa sauti ileile. Katika jozi nne zinazobaki, uzi mmoja ni mnene na wa pili ni mwembamba, unaolia oktavo moja juu ya mwenzake. Ndiyo maana gitaa moja husikika kama mawili. Lakini uzuri huo una gharama yake. Uzi mmoja ukilegea kidogo tu, ule ulio kando yake unaushitaki hapohapo. Katika gitaa la nyuzi sita kosa dogo laweza kupita bila watu kulisikia. Katika la nyuzi kumi na mbili halipiti.

Miaka michache iliyopita gitaa lilianza kupoteza sauti katikati ya ibada. Mzee alikuwa akizilinganisha nyuzi vizuri kabla ya wimbo wa kwanza, lakini tukifika wimbo wa tatu limeshaharibika. Watu wakaanza kunong'ona: "Masikio ya Mzee yamechoka." Neno hilo lilianza kama utani kwenye mazoezi ya kwaya. Baadaye likawa ndiyo maelezo ya tatizo, na mwisho likawa uamuzi: kijana apige kinanda, Mzee apumzike. Hakuna aliyemfukuza. Aliambiwa kwa heshima zote, akashukuru, akalirudisha gitaa kwenye boksi lake, akahamia benchi la nyuma.

Mimi nilikuwa mweka hazina wa kwaya. Na kabla ya uamuzi huo, Mzee alikuwa amenifuata nje baada ya ibada.

"Mwanangu," aliniambia, "funguo za gitaa zimekwisha. Hazishiki tena. Kama kuna chochote kwenye mfuko wa vyombo, tutafute nyingine."

Nikamjibu, "Sawa Mzee, nitalishughulikia."

Mfuko wa vyombo ulikuwa na shilingi 96,000. Kwa hakika ulipaswa kuwa nazo. Shilingi 60,000 nilikuwa nimeshazitoa. Nyanya zangu ziliingiwa na ugonjwa, dawa ilihitajika wiki ileile, na bahasha ya kwaya ilikuwa kabatini kwangu. Nilijiambia kwamba nimekopa. Lakini mkopo una pande mbili, na upande wa pili sikuwa nimeuuliza. Wakati wa kuvuna ulipofika, bei ya nyanya ikaanguka, na bahasha ikabaki vilevile.

Kwa hiyo siku kwaya ilipokaa na kusema ni masikio ya Mzee, mimi nilijua kwamba ni funguo. Nilijua kwa sababu aliniambia. Nami nikanyamaza, maana kulitaja jambo la funguo kungeleta swali la pili: mbona fedha za vyombo zipo na hazinunui? Sikusema uongo hata mmoja siku ile. Nilikaa tu, nikitazama daftari langu.

Ilipita miezi minane. Msimu wa vitunguu ukanifaa, nikarudisha shilingi 60,000 kwenye bahasha, nikaona sasa ni wakati wa kulimaliza jambo. Nikaenda kwa Mzee kuliomba gitaa. Nilimwambia kwamba kwaya inataka vyombo vyote viangaliwe. Hakuuliza kitu. Alilifuta vumbi kwa kanga, akanikabidhi.

Nikalipeleka kwa fundi seremala mmoja mjini Morogoro ambaye hutengeneza na magitaa pia. Nilidhani angeng'oa funguo za zamani na kufunga mpya. Hakuanza hivyo. Alianza kwenye kile kipande cha mfupa chenye mifereji, pale nyuzi zinapopita kabla ya kuingia kichwani. Alinieleza kwamba mara nyingi watu huzilaumu funguo, kumbe uzi umekwama kwenye mfereji, na unapojinasua sauti inaruka. Alisugua unga wa penseli kwenye kila mfereji, akalinganisha nyuzi, akapiga, akasikiliza. Nyuzi ziliendelea kushuka. Akaangalia jinsi nyuzi zilivyosokotwa kwenye vijiti vyake, nako hakukuwa na kasoro. Ndipo akaanza kuzigusa funguo, moja baada ya nyingine.

Ndani ya kila mashine ya kukazia uzi mna vitu viwili. Kuna skrubu inayozungushwa na kidole cha mpigaji, na kuna gurudumu dogo lenye meno ambalo skrubu hiyo hulisukuma. Katika mashine nyingi mpigaji huzungusha ufunguo kama mara kumi na nne ili kijiti kinachoshika uzi kizunguke mara moja. Na zimeundwa kwa hekima kubwa: skrubu inaweza kulizungusha gurudumu, lakini gurudumu haliwezi kuizungusha skrubu. Nyuzi kumi na mbili zikikazwa kwa kiwango chake cha kawaida huvuta kwa pamoja kwa nguvu ya gunia la mahindi la kilo 100, hata zaidi. Zinavuta mchana na usiku, hata gitaa likiwa limefungwa kwenye boksi na hakuna anayelipiga. Kinachozizuia ni yale meno madogo tu. Yakilika, hakuna mkono wa mpigaji unaoweza kuyafidia.

Kati ya mashine kumi na mbili, saba meno yake yalikuwa yamelika. Fundi aliushika ufunguo mmoja akauzungusha robo ya mzunguko, na kijiti hakikutikisika. Kisha akakisukuma kijiti chenyewe kwa kidole, kikacheza huku na huku.

Tulipima kwa rula umbali kati ya tundu na tundu, tukapima na upana wa matundu, kabla ya kununua chochote. Mashine ndogo za kufaa zilipatikana Dar es Salaam. Fundi alizilegeza nyuzi kidogo kidogo, pande zote kwa zamu, ili shingo ya gitaa isishtuke. Matundu ya zamani yalikuwa membamba kidogo, akayapanua kwa tupa ya duara, akijaribisha kila baada ya misuguo michache. Nilimwambia atumie drili tumalize. Akakataa: mbao hii ni ya zamani, ikipasuka hairudi. Matundu ya skrubu yaliyolegea aliyajaza kwa njiti za kiberiti na gundi, akaacha yakauke, ndipo akafunga mashine mpya.

Alipomaliza alizipiga nyuzi zote kwa pamoja, akasubiri, akapiga tena. Zilikuwa palepale. Kisha akasema neno ambalo hakujua lilikuwa linamwangukia nani.

"Aliyekuwa akilipiga gitaa hili alikuwa na masikio ya ajabu. Kwa gia zile, kufika hata wimbo wa pili si kazi ndogo."

Nililibeba gitaa mpaka kituo cha Msamvu, nikapanda gari la Dumila, na njia nzima nilijitetea moyoni. Fedha nimerudisha. Gitaa limepona. Hakuna aliyepungukiwa na kitu. Nikianza kusema sasa, nitajiaibisha mimi, nitaiaibisha kwaya, na Mzee nitamtonesha kidonda. Je, si upendo zaidi kunyamaza?

Hoja hiyo si ya kipuuzi, na nadhani wengi wetu tumewahi kuisimamia. Lakini ina shimo. Inahesabu vitu vilivyopotea na kuviona vimerudi vyote. Haihesabu lawama. Kosa langu lilikuwa limetoka kwangu likaenda kukaa juu ya mtu mwingine, na kufunga mashine mpya hakukuliondoa pale lilipokaa. Kinyume chake, gitaa zima mikononi mwa kijana mwingine lingekuwa ushahidi mpya dhidi ya Mzee: mnaona, likipigwa na mwenye masikio mazuri linatulia.

Tukisoma kitabu cha Hesabu, sura ya 5, tunakuta sheria kwa mtu aliyemkosea mwenzake. Anatakiwa kuungama kosa lake, kurudisha chote alichochukua, na kuongeza sehemu ya tano juu yake. Nilikuwa nimeisoma mara nyingi nikiona hesabu tu. Sasa naona mpangilio. Kuungama kunakuja kwanza, na kurudisha hakuchukui nafasi yake. Fedha hurudi kwa aliyepoteza fedha. Ukweli unarudi kwa aliyepoteza jina.

Tena katika kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 12, kuna habari za mfalme Yoashi. Fedha za kutengeneza nyumba ya Bwana zilikuwa zinapokelewa, lakini mpaka mwaka wa ishirini na tatu wa utawala wake nyufa zilikuwa bado zipo. Ndipo kuhani Yehoyada akachukua sanduku, akatoboa tundu kwenye kifuniko chake, akaliweka kando ya madhabahu. Watu waliokabidhiwa fedha hizo ili wawalipe mafundi hawakudaiwa hesabu, kwa sababu walitenda kwa uaminifu. Habari hiyo inanichoma kwa sababu moja. Nyufa hazikubaki kwa kukosa sadaka. Zilibaki kwa sababu kati ya sadaka na ufa palikuwa na watu. Mimi nilikuwa mmoja wa watu wa namna hiyo.

Nilipofika Dumila nilikwenda moja kwa moja kwa Mzee.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Limeponaje?"

Nilimweleza yote: bahasha, nyanya, kikao cha kwaya, na jinsi nilivyokaa kimya. Nilitegemea atakasirika, au aseme kwamba alikuwa anajua siku zote. Hakufanya hata moja. Alikaa muda mrefu akiwa ameshika kichwa cha gitaa.

"Mimi nilikuwa nimeshaamini," alisema. "Nilisema, basi, uzee umefika masikioni. Hata wajukuu hapa nyumbani niliacha kuwaimbia."

Sikuwa na jibu. Kwenye hesabu zangu zote za njiani, hilo halikuwemo. Nilidhani nimemwacha asemwe na watu. Sikujua kwamba nimemfanya ajiseme mwenyewe. Miezi minane ya wajukuu wasioimbiwa hairudishwi na shilingi 60,000, wala na sehemu ya tano juu yake. Niliilipa hata hivyo, shilingi 12,000, ikaingia kwenye ununuzi wa nyuzi mpya. Lakini sikujidanganya tena kwamba nimelipa.

Jumamosi iliyofuata nilisimama kwenye mazoezi nikayasema mbele ya kwaya, Mzee akiwepo. Niliondolewa uhazina, na ilikuwa haki. Wapo waliokaa muda kabla ya kunisalimia kama zamani. Sanduku la kwaya sasa lina kufuli mbili, na funguo zake ziko kwa watu wawili. Mzee hapigi ibada nzima tena, vidole vinachoka. Lakini kila Jumapili kabla ya kengele ya pili vijana humletea gitaa, naye huinama na kulinganisha nyuzi zote kumi na mbili, na hakuna anayeanza kuimba mpaka yeye ametikisa kichwa kwamba sawa.

Ndugu msomaji, sikuandika haya ili unihurumie. Nimeandika kwa sababu nadhani kila usharika una mtu aliyekaa benchi la nyuma akibeba kasoro isiyo yake. Mwimbaji anayesemwa ameishiwa. Mama anayesemwa hajui kulea. Mwinjilisti anayesemwa ni mvivu. Kabla hatujakubaliana na neno hilo, tufanye kama yule fundi: tuanze mbali na pale watu wanaponyoosha kidole, tukague kimoja kimoja, mpaka tufike penye meno yaliyolika. Na kama tunajua tayari yako wapi, kwa sababu tuliyala sisi, basi tusiyabadilishe gizani. Bwana atupe ujasiri wa kutengeneza mambo mchana, na kusema ni nani aliyeyaharibu.