Masika na Mbu Wake, Buffalo

Jumapili iliyopita baada ya ibada, mama mmoja kijana, aliyefika hapa Buffalo, Marekani, mwaka huu akitokea kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, alisimama mlangoni akifuta machozi. Theluji ilikuwa imefukia ngazi za nyumba yake, mtoto hana viatu vya baridi, na zamu ya usiku inamngoja. Mzee mmoja akamwambia, "Mwanangu, hakuna masika yasiyo na mbu." Watu wakatikisa vichwa kukubali. Yule mama akanyamaza.

Kunyamaza kule ndiko kulikoniumiza. Methali hii tumeigeuza kizibo cha kinywa: umepata nchi yenye amani, basi baridi ivumilie. Lakini ni nani kati ya waliotuachia maneno haya aliyemvumilia mbu? Jioni walifukiza moshi, walijifunika gubigubi, wenye uwezo walitundika chandarua, maana mbu wa masika huzika watoto. Methali haikumsamehe mbu. Ilimtaja kwa jina, palepale na mvua.

Ubishi wangu uko kwenye "yasiyo na". Wengi husikia bei, kana kwamba mbu ni ushuru unaoulipa ili upate mahindi. Mimi nasikia asili moja. Maji yanayootesha mahindi ndiyo yanayotuama katika nyayo za ng'ombe njiani, na humo viluwiluwi vya mbu hupindukapinduka. Hapa pia ni vivyo hivyo. Ziwa Erie huchelewa kupoa; upepo wa baridi ukipita juu ya maji yaliyobaki na joto la kiangazi hubeba unyevu na kuumwaga mjini kama theluji, mpaka ziwa ligande. Joto hilohilo huchelewesha jalidi ya vuli, ndiyo maana mizabibu imestawi kandokando ya ziwa. Anayekula zabibu zile anakula matunda ya ziwa lililolisha tufani ya Desemba 2022, iliyoua watu zaidi ya 40, wengine ndani ya magari yao, wengine majumbani bila umeme. Hao nao tuwaambie wavumilie?

Na tuna kosa jingine, letu sote. Ndugu zetu wa Bukavu na Kigoma tunawatumia picha za watoto wakifinyanga theluji huku wakicheka. Picha ya mama akifukua gari saa kumi alfajiri hatuitumi. Kisha mgeni akifika na kulia, anajiona yeye pekee ndiye asiye na shukrani. Huo ni uongo, ndugu zangu, hata kama kila picha ni ya kweli.

Jumatatu nilikwenda kwa yule mama na beleshi na mfuko wa chumvi. Theluji ya juu ilikuwa nyepesi kama sufi, ya chini imeganda kama jiwe. Tulipofika ngazi ya tatu alisimama kusikiliza. Hakukuwa na mlio wa gari wala mbwa. Theluji mpya humeza sauti.

"Dada, kunapendeza," akasema. Akapuliza viganja vyake. "Lakini vidole vya miguu sivisikii."

Tukaingia ndani kwanza, miguu ipate moto. Ngazi mbili zikabaki.