Ujira Uliozuiwa Hulia Mbinguni

Katekisimu yatufundisha kuwa ziko dhambi zinazolia mbinguni, na mojawapo ni kumdhulumu mfanya kazi ujira wake. Wengi wetu tuliyakariri maneno hayo tukiwa watoto, kisha tukayaacha darasani. Yafaa tuyarudie, maana sehemu kubwa ya historia ya nchi yetu ni habari ya jasho lisilolipwa.

Tuitazame njia ya misafara, ile iliyotoka Ujiji, ikapita Tabora, ikashuka Bagamoyo. Katika karne ya 19 walipita humo watu wa namna mbili, wakibeba pembe zile zile chini ya jua lile lile. Wa kwanza ni wapagazi, hasa Wanyamwezi, watu huru waliopatana ujira kabla ya kuondoka kwao. Wa pili ni watumwa, waliotekwa vitani au kuuzwa. Tofauti yao ilikuwa nini? Si uzito wa mzigo. Mpagazi aliweza kukataa safari, aliweza kurudi kwao, na ujira wake ulikuwa haki yake. Mtumwa hakuwa na hata moja katika hayo matatu. Tuyashike mambo hayo, maana ndiyo mizani ya kupimia yote yanayofuata.

Wanunuzi walikuwa wengi. Mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice alifanya mapatano na Sultani wa Kilwa apewe watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya mashamba ya visiwa vya Wafaransa. Baadaye mikarafuu ya Unguja na Pemba ikahitaji mikono mingi zaidi. Wala wauzaji hawakuwa wageni peke yao: wako watemi na wakubwa wa bara waliobadili mateka wao kwa bunduki na nguo. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba, soko la Unguja likafungwa, na kusafirisha watumwa baharini kukakatazwa. Unguja na Pemba hali ya utumwa ilifutwa katika sheria mwaka 1897. Tanganyika ilingoja hadi mwaka 1922.

Je, sheria zilimaliza dhuluma? La, tamaa ilibadili kanzu tu. Wajerumani walijisifu kuwa wamekuja kukomesha utumwa. Walakini tangu mwaka 1902, chini ya Gavana Götzen, watu wa pwani na kusini walilazimishwa kulima mashamba ya pamba, huku maakida na majumbe wakiwasimamia. Katika wilaya ya Dar es Salaam kila mtu alipata senti 35 kwa kazi ya mwaka wa kwanza. Mwezi wa Julai 1905 Wamatumbi waliing'oa pamba ile, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Wako wanahistoria wanaokadiria waliokufa kuwa watu 250,000 hadi 300,000, wengi wao kwa njaa.

Yakaja mashamba ya mkonge. Mtu wa bara aliitwa manamba, kwa kuwa alijulikana kwa namba, si kwa jina alilobatizwa wala alilopewa na babaye. Alipewa kipande, na mshahara wake ulingoja mpaka kipande kijae siku 30 za kazi. Wengi walikwenda kwa hiari, lakini hiari ya mtu anayedaiwa kodi ni nyembamba. Na wakati wa Vita Kuu ya Pili hata hiari hiyo iliondolewa: serikali ya Waingereza iliwapeleka watu mashambani kwa amri.

Wala sisi wa Kanisa tusidhani kwamba hatuhusiki. Mwaka 1839 Baba Mtakatifu Gregori XVI aliilaani biashara ya watumwa. Lakini mwaka mmoja tu kabla yake, mapadre Wayesuiti wa Maryland, Marekani, waliuza watumwa 272 wapelekwe mashamba ya Louisiana. Walisoma Injili ile ile tunayoisoma. Basi kuisoma Injili hakutoshi.

Sasa tuilete mizani ile nyumbani mwetu. Yuko binti aliyetolewa kijijini kwa ahadi ya kusomeshwa mjini. Huamka kabla ya wote, hulala baada ya wote, na shule haijui. Je, aweza kukataa? Aweza kurudi kwao, hali hana nauli? Ujira wake uko wapi? Mwenye nyumba hujibu, “Kwetu anakula na kulala, tena ni kama mwanetu.” Ndugu msomaji, hata mtumwa wa shamba la mikarafuu alikula na kulala, alikuwa na kibanda na konde la muhogo. Chakula hakimfanyi mtu kuwa huru. Na kama kweli ni mwanao, mbona watoto wako wako shuleni naye yuko jikoni?

Mtakatifu Paulo alipomrudisha Onesimo kwa bwana wake Filemoni, alimwomba ampokee si kama mtumwa tena, bali kama ndugu mpendwa. Hakusema amlishe vizuri zaidi. Alidai hali yenyewe ibadilike. Ndugu ana haki ya kusema hapana, ana haki ya kwenda zake, na jasho lake halichukuliwi bure.

Mababu zetu waliopita njia ile hatuwezi tena kuwalipa. Twaweza kuwaombea na kuwakumbuka. Lakini yule aliye jikoni mwetu yu hai, nasi twajua jina lake. Basi Jumapili, kabla hujaipeleka sadaka altareni, mlipe kwanza aliyekupikia Jumamosi. Fedha yake ikiwa bado mfukoni mwako, hiyo unayomtolea Mungu si mali yako.