Ubingwa Uliofutwa

Januari 1942, Ulaya ikiwa vitani kutoka pembe hadi pembe, mabondia wa ridhaa walikutana Breslau kugombea ubingwa wa bara hilo. Breslau wakati huo ulikuwa mji wa Ujerumani. Leo ni Wrocław, Poland. Wengi wa mabondia hao walitoka katika nchi zilizoungana na Hitler au zilizokuwa chini ya mkono wake. Vijana walipimwa uzito, kengele ikagongwa, washindi wakatangazwa.

Ukitaka kuyaelewa mashindano yale, anza na waliokosekana. Mashindano yaliyotangulia yalifanyika Dublin mwaka 1939, na taji la uzito wa welter alilichukua Antoni Kolczyński wa Poland. Miezi michache baadaye, Septemba, Ujerumani iliivamia nchi yake. Breslau hapakuwa na timu ya Poland, kwani kwa wenyeji wa mashindano nchi hiyo ilikwishafutwa kwenye ramani. Bingwa alipoteza haki ya kutetea taji lake bila mtu kumrushia ngumi.

Bondia mwenzake alikuwa bado anapigana, ila mahali pengine. Tadeusz Pietrzykowski, aliyewahi kuwa bingwa wa Warsaw wa uzito wa bantam, alifikishwa kambi ya mateso ya Auschwitz Juni 1940 katika kundi la kwanza la wafungwa wa Kipoland, akapewa namba 77. Mwaka 1941 walinzi walianza kumpambanisha na wafungwa wengine ili wajiburudishe. Pambano lake la kwanza lilikuwa dhidi ya kapo wa Kijerumani, mnyapara aliyekuwa akiwapiga wafungwa wenzake, tena mzito kuliko yeye kwa kilo nyingi. Pietrzykowski alikuwa amekonda kwa njaa. Alijua kuhepa, akahepa, akashinda, na zawadi ilikuwa mkate na majarini. Wakati kengele ya Breslau inagongwa, alikuwa bado nyuma ya waya wa kambi ile, mwendo wa saa chache tu kwa treni.

Na wakazi wa Breslau wenyewe? Novemba 1941, wiki chache kabla ya mashindano, baadhi ya Wayahudi wa mji huo walikusanywa na kupakiwa kwenye treni hadi Kaunas, Lithuania. Tarehe 29 walipigwa risasi huko. Miongoni mwao alikuwa Willy Cohn, mwalimu wa historia aliyeipigania Ujerumani katika Vita Kuu ya Kwanza, pamoja na mkewe na mabinti zao wawili wadogo. Majirani waliona nyumba zikibaki tupu. Kisha, Januari 20, maofisa wa serikali ya Hitler wakaketi Wannsee, Berlin, kupanga namna ya kuwaangamiza Wayahudi wa Ulaya nzima.

Hiyo ndiyo serikali iliyotaka ndondi mwezi huohuo. Ilihitaji kuonyesha kwamba Ulaya iliyo chini yake ni Ulaya ya kawaida: viwanja vina watu, waamuzi wanahesabu, vijana wanapeana mikono. Kwa kazi hiyo, mashindano yalifaa kuliko hotuba yoyote. Shirikisho la kimataifa la ngumi za ridhaa, FIBA, lililoundwa mwaka 1920, lingeweza kukataa. Baadhi ya viongozi wake walishirikiana na wenye nguvu, na jina la shirikisho likawa pazia.

Kuna hoja inayopendwa sana na viongozi wa michezo, kwamba michezo haina siasa. Siikubali. Pale ambapo mpinzani yuko kambini na nchi yake imefutwa, kuingia ulingoni tayari ni kuchagua upande, hata kama bondia mwenyewe hajui.

Vita vilipokwisha, FIBA haikuweza kusafisha jina lake. Ilivunjwa, na mwaka 1946 chama kipya, AIBA, kikaanzishwa London. Chama hicho kilikataa kuyatambua matokeo ya Breslau. Ubingwa wa Ulaya ulirudi Dublin mwaka 1947.

Nawahurumia wale vijana. Kuna waliofanya mazoezi kwa miaka, wakapanda ulingoni kwa ujasiri, na leo ushindi wao hauhesabiwi. Hata hivyo uamuzi wa kuufuta ulikuwa wa haki. Enyi mnaoongoza vyama vya michezo, kabla hamjatia saini barua ya kupeleka vijana kwenye mashindano, ulizeni kwanza nani hakualikwa, na kwa nini.