VPN na Ukweli wa Mahali

VPN huyapitisha mawasiliano ya runinga katika kompyuta iliyo nchi nyingine, hivyo mtazamaji wa Dodoma huonekana yuko London na huweza kuona filamu zisizouzwa kwao. Je, huo ni uongo? Mashine ndiyo inayotaja mahali, lakini aliyeiwasha ndiye aliyekusudia, na Waislamu kwa Wakristo wa Dodoma hufundishwa kwamba Mungu huitazama nia. Aliyelipia filamu si sawa na mwizi. Hata hivyo amevunja mkataba wa huduma ya filamu alioukubali, na Kurani, sura ya 5, inaanza kwa kuamuru mikataba itimizwe. Sheria nayo ipo: Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) iliwataka watumiaji wa VPN nchini wajisajili kufikia tarehe 30 ya mwezi huo. Wenye filamu nao waziuze Dodoma, kwa bei inayolipika.